Kuwaza mpaka saa nane usiku: mawazo yapewe saa yake

#1 Mtu wa Loleza (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wale ambao mwili umelala Ilomba, Kihesa au Makambako lakini kichwa kiko kwenye kikao. Saa nane usiku unarudia neno ulilomjibu bosi mchana. Unapanga akisema hivi utasema vile. Unahamia kwenye ada ya mtoto, kutoka hapo unaenda kwenye mguu wa mama usiopona, halafu unarudi tena kwa bosi kana kwamba kuna kitu umesahau kumwambia. Jogoo anawika na hujapata hata jibu moja. Kijiweni nikiligusia jambo hili watu wanacheka wote, baadaye mmoja mmoja ananifuata pembeni.

Nitoe hoja mapema ili wa kupinga wapinge. Kuwaza sana hakuishi kwa kuyakataza mawazo. Kunapungua pale unapoyapa mawazo saa yake na karatasi yake, halafu kila jambo unaliuliza: kuna kitu naweza kufanya, au hakuna? "Achana na mawazo bwana" ndio ushauri unaotolewa kuliko wote nchi hii, na sijawahi kuona aliyepona nao.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaweka wanafunzi chumbani, wakawaambia waseme kila kinachowajia kichwani ila wasimfikirie dubu mweupe. Akiwajia, wagonge kengele. Zikagongwa kweli kweli. Kituko kikaja baadaye: waliporuhusiwa kumfikiria huyo dubu, walimfikiria kuliko hata kundi lililoruhusiwa tangu mwanzo. Sasa mtoe dubu, uweke deni au matokeo ya vipimo, ndio utajua kwa nini ukijilazimisha kutowaza unawaza mara mbili.

Hili la kuyapa mawazo saa yake sijalitunga mimi. Thomas Borkovec na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State waliandika utaratibu wake mwaka 1983. Unachagua nusu saa, mahali palepale, muda uleule kila siku. Wasiwasi ukikujia nje ya muda huo unautambua ("haya, huyu amekuja"), unauahirisha mpaka saa yake, unarudi kwenye ulichokuwa unafanya. Saa ikifika unakaa na kuwaza kwa makusudi, na kutafuta la kufanya. Waliofuata utaratibu huo wasiwasi wao wa kila siku ulipungua kuliko wale ambao hawakupewa chochote.

Kwa maisha yetu mimi nashauri saa kumi na mbili jioni, kabla ya ugali. Isiwe kitandani kabisa. Kitanda kikishazoea kuwa ofisi ya mawazo, kila ukipanda ofisi inafunguliwa. Daftari la kawaida la shule linatosha. Piga mstari katikati, kushoto andika jambo, kulia andika hatua. "Kodi ya chumba inaisha mwezi ujao": kesho saa nne nimpigie mwenye nyumba niombe nilipe ya miezi mitatu badala ya sita. "Shemeji alinuna nilivyocheka pale msibani?": hakuna. Unaandika "hakuna" na unapita. Hapo ndipo penye ugumu wote, maana kichwa hakipendi kuandika "hakuna", kinataka kikague tena.

Na hatua iwe na saa na mahali. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, walichukua vijana 57, nusu wakaandika kwa dakika tano kabla ya kulala mambo wanayotakiwa kufanya, nusu wakaandika waliyokwisha kuyafanya. Wa kundi la kwanza walishikwa na usingizi mapema kwa takriban dakika tisa. Na kadiri mtu wa kundi hilo alivyoandika kwa kina ndivyo alivyosinzia haraka.

Najua kuna atakayesema kuwaza ni kujiandaa, asiyewaza ni mzembe. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amewapima wanafunzi wa Stanford namna wanavyozitafuna huzuni zao, na wiki mbili baadaye, Oktoba 1989, tetemeko kubwa la Loma Prieta likapiga eneo lile. Akawafuatilia. Waliokuwa na tabia ya kuzungusha mawazo tangu kabla ya tetemeko ndio waliokuwa na sonona zaidi baada yake. Sisi tunaokaa juu ya Bonde la Ufa, ambako vyombo vikilia kabatini tunajua si panya, tuelewane: kuwaza tetemeko usiku hakujawahi kuimarisha ukuta wa mtu. Nondo ndiyo inayoimarisha, na nondo inanunuliwa mchana.

Karibuni. Wapingaji waje kwa hoja.

#2 Bajaji ya Kabwe

Nimekaa siti ya mbele.

#3 Dereva wa Tunduma

Mkuu umenigusa. Sisi wa malori hatuna saa kumi na mbili jioni. Leo uko kwenye foleni Tunduma, kesho kutwa uko Zambia, na ukiwa kwenye foleni huna kazi nyingine zaidi ya kuwaza. Mke hajapokea simu, unamaliza sinema nzima kichwani. Kumbe simu iko chaji.

Hiyo nusu saa tunaiweka wapi?

#4 Mtu wa Loleza

Dereva, wewe usiifunge kwenye saa, ifunge kwenye tukio. Ukishazima injini na kula, kabla ya kupanda kulala kwenye kabini. Shuka chini, andikia ukiwa umekaa kwenye kigoda au ngazi ya gari. Ukipanda kulala, daftari linabaki mbele kwenye dashibodi. Na la mke: hatua ni kupiga tena saa fulani. Kati ya sasa na saa hiyo hakuna taarifa mpya itakayoingia kichwani mwako, ni utunzi tu.

#5 Mama Viazi

Habari zenu. Mimi nalima viazi huku Njombe, na nataka kumuunga mkono mleta uzi kwa jambo ninalolijua.

Wakati wa kifuku, msimu wetu wa mvua, ugonjwa wa ukungu ukiingia shambani unaweza kumaliza shamba zima ndani ya wiki moja au mbili. Unaona doa jeusi kwenye jani leo, keshokutwa shamba linanuka. Kwa hiyo mkulima wa viazi mvua ikilia kwenye bati usiku hasikii mvua, anasikia hasara. Nimekesha sana kwa ajili ya hiyo mvua, naijua hata inapobadilika kutoka kubwa kwenda ndogo.

Sasa nina mambo yangu ya kufanya na nimeyaandika ukutani: mbegu safi, nafasi kati ya mistari ili hewa ipite, dawa ya kukinga kabla ya doa kutokea badala ya baada, na kumwambia jirani naye apige, maana ukungu hauna habari na mpaka wa shamba. Nikishafanya hayo yote, mvua ya saa nane usiku haina kitu inachoniomba. Nikiisikia najiuliza tu, dawa nimepiga? Nimepiga. Basi.

Sisemi silali macho kabisa. Bei ndiyo inayoniangusha. Dalali anakuja na lumbesa yake, gunia limevimba kama mjamzito, na anakwambia leo ndio leo. Hilo bado sijalipatia mahali kwenye daftari.

#6 Mpiga Plasta

Mimi naona hizi ni stori za watu walioshiba. Daftari, nusu saa, dubu. Niko Uyole hapa, fundi ujenzi. Nilichukua mkopo, hii mnayoita kausha damu, nikamlipia mtoto ada. Kazi zikakata. Kila wiki riba. Wanakuja nyumbani wanaongea kwa sauti majirani wasikie, wameshataja televisheni na godoro.

Mtu kama mimi unamwambia anawaza KUPITA KIASI? Kiasi chenyewe ni kipi? Nikiacha kuwaza deni linaacha kukua?

#7 Bajaji ya Kabwe

Hapo sasa. Mleta uzi njoo.

#8 Mtu wa Loleza

Mpiga Plasta, swali lako ndilo zito kuliko yote humu na sitaliremba. Daftari halilipi deni. Anayesema mawazo chanya yanalipa deni anakuuzia kitu.

Lakini angalia jambo moja. Deni lako lina saa za kazi. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni kuna watu unaweza kuwaona, simu unazoweza kupiga, kibarua unachoweza kukitafuta Nane Nane au Iyunga. Saa nane usiku hakuna mtu anayepokea malipo, anayesikiliza ombi wala anayeajiri fundi. Usiku huo unachopoteza ni mgongo wa kubebea zege asubuhi. Yule mkopeshaji analala. Wewe ndiye unayelipa riba mara mbili, ya pesa na ya usingizi.

Kwa hiyo kesho mchana, ukiwa umekaa, andika haya: nilichukua shilingi ngapi, nimeshalipa ngapi mpaka leo, wanasema imebaki ngapi, mkataba uko wapi na unasemaje. Nimeona watu wengi wanaodaiwa hivi hawaijui namba kamili kwa sababu wanaogopa kuiandika, na deni ambalo hujaliandika linakua kichwani haraka kuliko linavyokua kwenye karatasi yao.

Pili, uliza kama wana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wa aina hii wawe na leseni ya Benki Kuu. Ofisi yenye leseni inatakiwa ikupe mkataba na ikueleze riba. Kama wanakuja na kelele bila karatasi, hiyo ni hoja ya kupeleka kwa mtendaji wa kata, na uende na mtu, usiende peke yako. Tatu, pendekeza wewe kiasi cha wiki ambacho unaweza kukitimiza hata wiki mbaya, uombe waandike.

Hayo yote ni kuwaza. Ila ni kuwaza kunakoishia kwenye mlango wa ofisi ya mtu. Kule kwingine kunaishia darini.

#9 Mpiga Plasta

Nimekusoma. Sijakubali yote. Namba kamili kweli siijui.

#10 Mcheka Pembeni

Daftari la mawazo mke akalisoma si tunahamia uzi wa talaka?

#11 Mama Viazi

Chana ukurasa, tia kwenye jiko la mkaa. Tena huku kwetu mwezi wa saba utakuwa umesaidia na baridi.

#12 Mwalimu Mstaafu

Kamwene nyote. Niko Iringa, nimefundisha miaka mingi, sasa nafuga kuku na kusoma mnayoandika.

Nina mawili. La kwanza ni dua, maana naona hakuna aliyeitaja na nusu ya wanaosoma humu wanangoja itajwe. Mimi ni mtu wa kanisani na siibezi sala. Lakini kuna sala ambayo ni kuwaza kwa magoti: mtu anamhesabia Mungu matatizo yote kwa mpangilio uleule, kwa hofu ileile, anaamka na mzigo wote kichwani, na magoti yanamuuma juu yake. Ukisali, weka jambo chini kweli. Ukishasema amina usilifuate tena kulikagua.

La pili ni kwa fundi wa Uyole. Ndugu zetu wa Zimbabwe walifanya jambo ambalo ningependa lifike hata hapa Miyomboni. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno nchini mwake na hakuwa na chumba wala bajeti. Akapata mabenchi yakawekwa nje ya kliniki, bibi wakafunzwa kusikiliza. Anayekuja anakaa benchini na bibi. Bibi anamwacha amwage yote. Kisha wanayaorodhesha, wanachagua tatizo MOJA, wanapanga hatua moja ndogo, mtu anakwenda kuifanya na kurudi kusema imekuwaje. Wengi waliokuja walikuwa na matatizo ya kweli kabisa: hawana kazi, wanaishi na virusi vya ukimwi, wanapigwa na waume zao. Kwa hiyo hoja ya fundi kwamba ushauri huu ni wa walioshiba, bibi wale walishaijibu. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Angalieni hawakuanza na matatizo yote. Moja. Mwenye kuwaza sana anataka ayamalize yote usiku mmoja, ndio maana halimaliziki hata moja. Na aliyekaa benchini hakuwaza peke yake. Sisi tuna bibi wa kutosha tu, kinachokosekana ni benchi.

#13 Mtani wa Jadi

Mwalimu wa Iringa tena? Si mnajulikana nyie, mawazo kidogo tu mnatafuta kamba.

#14 Mwalimu Mstaafu

Mtani, utani naujua na nimeula maisha yangu yote. Huo uache. Nimesimama kwenye makaburi ya vijana niliowafundisha. Kijana akishasikia kwamba mawazo yake ni kichekesho cha kabila, hataleta kwako wala kwangu, atanyamaza. Njoo tutaniane kuhusu kula mbwa, nitakujibu siku nzima.

#15 Mtani wa Jadi

Nimekuelewa mwalimu. Shikamoo.

#16 Nesi wa Zamu

Nimetoka zamu nikakuta uzi umefika mbali. Niongeze upande wa mwili, maana naona mnakimbilia kichwani moja kwa moja.

Kwanza, yeyote humu aliyefikia kuwaza kifo, hata kama anasoma tu bila kuandika: hilo sio la daftari. Mwambie mtu leo hii, usilale peke yako, nenda hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na hospitali za rufaa za mikoa, ulizia kitengo cha afya ya akili. Hakuna atakayekushangaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi. Hamtutishi.

Pili, kuna moyo kwenda mbio ambao haujatokana na mawazo. Upungufu wa damu unaweza kufanya hivyo. Tezi la shingo likizidisha kazi pia: moyo unadunda, mikono inatetemeka, unatoka jasho, unakonda na chakula unakula, halafu unaambiwa una mawazo. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanakumbuka rovu zilivyokuwa nyingi kabla ya chumvi ya madini joto kuenea, kwa hiyo shingo za huku tunaziangalia kwa makini. Pima kwanza kabla ya kujiita mtu wa wasiwasi.

Tatu, vinywaji. Tunakaa katikati ya kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe na Mufindi, najua naongea na nani. Baada ya masaa matano hivi, takriban nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini. Kahawa ya saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado ina nguvu zake. Zile chupa za kuongeza nguvu wanazokunywa bodaboda na wanafunzi ndio kabisa. Na pombe: inakusinzisha, halafu inakuamsha saa tisa usiku moyo ukiwa juu. Wangapi wameniambia "nesi, nakunywa ili nisiwaze"? Ndio haohao wanaoamka saa tisa.

Nne, na hapa naomba mnisikilize. Msinunue diazepamu dukani kienyeji. Inatuliza kweli, na ndio ubaya wake. Mwili unaizoea, unataka zaidi, na ukiiacha ghafla baada ya kuizoea unaweza hata kupata degedege. Dawa za wasiwasi za kutumia muda mrefu zipo, zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na zinatolewa na anayekufuatilia. Ukiwa na wasiwasi siku nyingi kuliko siku za nafuu kwa miezi sita, misuli imekaza, hulali, unafokea watoto kwa kitu kidogo, umeshavuka mpaka wa kujisaidia peke yako.

#17 Mwanachuo wa Iyunga

Samahani nesi, shikamoo. Mimi nasubiri matokeo. Nina somo moja ninalohisi ni sapu, yaani kurudia mtihani, na nikiwaza sapu nawaza kudisko, yaani kuondolewa chuo, nikiwaza kudisko nawaza baba aliyeuza ng'ombe. Juzi nikiwa kwenye daladala pale Mafiati moyo ulianza kukimbia, vidole vikafa ganzi, nikaona nakufa. Nikashuka. Nikakaa chini kwenye ngazi za duka. Ikapita yenyewe. Sasa naogopa kupanda daladala.

#18 Nesi wa Zamu

Marahaba mwanangu. Ulichoeleza kinafanana sana na hofu ya ghafla. Kwa kuwa ni mara ya kwanza, nenda ukapimwe moyo na damu ili tusikisie. Wakisema uko sawa, shika haya.

Hofu ya aina hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi kisha inashuka, hata usipofanya chochote. Ganzi ya vidole inatokana na kuhema haraka kupita mahitaji ya mwili, hewa ya kaboni inapungua kwenye damu. Kwa hiyo usihangaike kuvuta pumzi nyingi, umeshavuta za kutosha. Shughulika na kutoa. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa taratibu mpaka sita au nane, kama unapoza uji. Moyo hupunguza mwendo unapotoa pumzi, ndio maana kutoa kuwe kurefu. Fanya mazoezi ukiwa mzima, chumbani, ili siku ya shida mwili uwe unaijua njia.

Na panda daladala. Mapema tu, kesho au keshokutwa, kituo kimoja, na rafiki. Ukiikwepa, ubongo unahesabu kwamba ulipona kwa sababu ulikwepa, na kesho utakwepa na bajaji.

#19 Bajaji ya Kabwe

Bajaji tena? Nesi usituharibie biashara.

#20 Mtu wa Loleza

Mwanachuo, niongeze kwenye matokeo. Fuata mnyororo wako mpaka mwisho uone unavyoruka ngazi: "nahisi" imekuwa sapu, sapu imekuwa kudisko, kudisko imekuwa ng'ombe. Sapu ni mtihani wa kurudia, una tarehe na una notisi. Hatua ipo: chukua notisi za somo hilo, soma saa moja kwa siku kuanzia sasa. Ukifaulu hujapoteza kitu. Na kufungua ukurasa wa matokeo kila baada ya dakika chache kuache, angalia mara moja asubuhi na mara moja jioni. Kila ukifungua ukakuta hakuna, umejitisha bure na simu imekula bando.

#21 Mpangaji

Swali la kweli. Kila mahali wanasema ukishindwa kulala toka kitandani, nenda chumba kingine mpaka usingizi uje. Mimi nina chumba kimoja, watoto wamelala chini, nje ni mwezi wa sita Mbeya. Nitoke niende wapi? Nikasimame kwenye ukungu na walinzi?

#22 Nesi wa Zamu

Hahaha. Usitoke. Kinachotakiwa ni kukata ule uhusiano wa kulala chali gizani na kuwaza. Kaa, egemea ukuta, jifunike blanketi mabegani, taa ndogo, fanya kitu cha kuchosha: kunja nguo, soma kitu kisichosisimua, shona kifungo. Simu hapana. Macho yakilegea rudi chini. Au kaza ngumi kwa nguvu sekunde tano, achia, kisha mabega, kisha miguu mpaka vidole. Daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, ndiye aliyeanza kufundisha hili la kukaza na kulegeza misuli karne iliyopita, na halihitaji chumba cha pili.

#23 Mpangaji

Hii naiweza.

#24 Dereva wa Tunduma

Nimerudi. Ile nusu saa nimeifunga kwenye kuzima injini kama ulivyosema. Siku nyingine nasahau. Ila nimegundua nikiandika "mke hajapokea" halafu kulia nikaandika "piga saa tatu", naweza kula. Zamani chakula kilikuwa kinapoa.

Mwenzangu wa gari la nyuma kaniona, kaniuliza kama naandika wosia.

#25 Mpiga Plasta

Wakuu nilipotea. Nilikaa na mke wangu tukaandika. Nilichochukua, nilicholipa, risiti zilizopo na zisizopo. Tumegundua nimeshalipa zaidi ya nilichochukua, na mkataba waliobaki nao wao mimi sina nakala. Mke ndiye aliyeuliza, "kwani uliwahi kusaini wapi?" Mimi muda wote nilikuwa nawaza godoro.

Usingizi bado wa mang'amung'amu, nisiwadanganye. Ila sasa nikiamka usiku nawaza karatasi, siwazi kila kitu.

Jumatatu nakwenda ofisini kwao kuomba nakala, halafu kwa mtendaji. Mwalimu, umesema niende na mtu?

#26 Mwalimu Mstaafu

Aliyesema ni mleta uzi, ila nakazia. Nenda na mke wako, ndiye aliyeona mkataba haupo. Na mzee mmoja wa mtaa anayeheshimika, akae tu, hata asiseme neno.

#27 Mtu wa Loleza

Toa nakala za risiti kabla ya kuondoka nyumbani, halisi zibaki kwa mke. Wakikataa kukupa mkataba, waombe waandike kwamba wamekataa, uone watakavyobadilika. Tunasubiri mrejesho.

#28 Mama Viazi

Fundi, ukimalizana nao nitafute. Nina ghala la viazi linahitaji plasta kabla ya kifuku, na sitakupimia kwa lumbesa.